Mkopo wa simu na namba ya mama mkwe

Wadau, kuna swali naulizwa sana siku hizi: hivi hawa jamaa wa mikopo ya simu wamepata wapi namba ya mama mkwe wangu? Jibu ni fupi na linaudhi. Umewapa wewe, pale ulipobonyeza "Ruhusu" mara tatu nne bila kusoma.

Ukishapakua programu za aina hii, nyingi huomba kuona orodha ya namba zako, meseji na mahali ulipo. Watu wanaogopea namba. Mimi naona meseji ndizo zinazosema mengi. Chukua za M-Pesa peke yake: mshahara unaingia tarehe ngapi, unamtumia nani, unabakiwa na shilingi ngapi, na kama unabeti (wengi mnabeti, msinikatalie). Kompyuta inazisoma zote na ndani ya dakika chache inaamua ukopeshwe elfu kumi au laki.

Kasheshe ni ukichelewa kulipa. Ile orodha ya namba ikishanakiliwa kwenye kompyuta zao, hata ukifuta programu haisaidii. Mkwe anapigiwa, bosi anatumiwa meseji kwamba wewe ni tapeli. Na hao hawakubonyeza chochote! Umewakubalia wewe kwa niaba yao.

Serikali zimeanza kuwashukia. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na mwaka 2023 kampuni ya mikopo ya Mulla Pride ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kutuma vitisho. Tanzania sheria ilipitishwa 2022, ikaanza kazi Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ikapiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Google nao tangu 31 Mei 2023 wanakataza programu za mikopo za Play Store kugusa orodha ya namba wala picha zako. Kwa hiyo ukitumiwa linki upakue mkopo nje ya Play Store, shtuka, kuna sababu wako huko nje.

Kama unayo tayari, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, uzime namba na meseji. Walizochukua hazirudi, ila mpya hawazipati. Ukitukanwa usifute meseji kwa hasira, zipige picha. Kwa Tanzania malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na huyo mama mkwe naye anaweza kulalamika kivyake.