Bosi wa shoo ambaye hujawahi kumuona jukwaani

HATI ya shamba ilibaki kwenye basi.

Nilikuwa Kidato cha Tatu katika shule moja hapa Kinango, na mchezo wetu ulikuwa umefika tamasha la drama ngazi ya kaunti ndogo. Ulihusu ndugu wawili wanaogombania ardhi ya marehemu baba yao. Kila kitu kilitegemea karatasi moja: chifu anafika, anafungua mkoba, anatoa hati, familia nzima inaangua kilio. Siku hiyo chifu akafungua mkoba, akapapasa, akapapasa tena, kisha akatoa karatasi pekee aliyoipata mle ndani. Mkoba ulikuwa wa kuazima kwa mwanafunzi mwenzetu, na karatasi yenyewe ilikuwa ratiba ya mtihani wa hesabu. Akaisoma kwa sauti nzito kana kwamba ndiyo hati. Ukumbi ukacheka hadi waigizaji wakashindwa kuendelea. Msiba ukageuka vichekesho, tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwenye kosa nilikuwa mimi. Sikuwa mwigizaji. Sauti yangu haikumridhisha mwalimu, kwa hivyo nikapewa kazi ya “kuangalia vitu”. Tamasha hilo la kitaifa limekuwepo tangu 1959 na limelea waigizaji wengi unaowaona kwenye runinga, lakini sikumbuki hata siku moja mtu akiniambia kwamba kazi yangu ina jina, ina mafunzo yake, na kwamba kuna nchi ambako anayeifanya ana chama cha wafanyakazi kinachomlinda.

Jina lenyewe ni meneja wa jukwaa. Usimchanganye na mwelekezi. Mwelekezi ndiye anayeamua chifu aingie upande gani na asimame wapi. Meneja wa jukwaa ndiye anayehakikisha kwamba chifu amefika, mkoba upo, hati imo mkobani, taa inawaka anapoingia, na kwamba yote hayo yatatokea vilevile kesho na keshokutwa. Katika thieta za kulipwa za Marekani na Uingereza, shoo ikishafunguliwa rasmi mwelekezi huenda zake kutafuta kazi nyingine. Anayebaki na mchezo ni meneja wa jukwaa, hata uendelee miaka kumi.

Silaha yake kubwa ni kitabu. Ndani yake mna mchezo mzima, na pembeni ya kila ukurasa ameandika nani anasimama wapi, anavuka lini, anakaa kwa neno gani. Kila ishara ya taa, ya sauti na ya pazia ina nambari. Anaandika kwa penseli, maana mwelekezi atabadilisha mawazo, si mara moja. Shoo ikianza, yeye hukaa pembeni gizani na kifaa cha kusikilizia masikioni: “Taa 14, kaa tayari.” Kimya. “Taa 14, nenda.” Hilo neno “nenda” halitamkwi ovyo huko nyuma ya pazia. Mtu wa taa akilisikia, kidole kinabonyeza, haulizi.

Halafu kuna meza ya vifaa, na hapa ndipo moyo wangu huuma. Meza hufunikwa karatasi, kila kifaa kikachorewa mraba wake na kuandikwa jina: kikombe, panga, barua, miwani ya bibi. Kabla ya milango kufunguliwa, meneja hupita akikagua. Mraba mtupu unaonekana hata na aliyechoka. Mraba mmoja tu ungeniokoa na aibu ile.

Kinango haina jumba la thieta. Tulifanya mazoezi darasani baada ya saa kumi, viti vimesukumwa ukutani, na Jumamosi chini ya mwembe, tumechora mipaka ya jukwaa kwa jivu. Nilidhani ni umaskini wetu. Baadaye nikajua kwamba wenzetu wa majumba makubwa hufanya jambo hilohilo: hubandika utepe wa rangi sakafuni kuonyesha mlango utakuwa wapi na ukuta utaishia wapi. Jivu na utepe, kazi ni moja.

Jambo moja tu tunatofautiana nao kabisa. Thieta za Ulaya zina mwiko wa kupiga mbinja nyuma ya jukwaa. Stori inayosimuliwa ni kwamba zamani waliovuta kamba za mapazia walikuwa mabaharia, wakipeana ishara kwa mbinja, hivyo ukipiga ovyo unaweza kuangushiwa mzigo kichwani. Sasa nenda uwaambie vikundi vyetu vya ngoma waache firimbi! Kiongozi wa ngoma anapopuliza, mstari mzima unabadilisha mguu. Ukitazama vizuri, huyo mwenye firimbi ni meneja wa jukwaa anayecheza.

Lakini sikukaa chini kuandika haya kwa sababu ya vifaa. Nimeandika kwa sababu ya saa.

Huko Marekani, shoo ikianza saa mbili usiku, kila mwigizaji awe amefika na kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio kufikia saa moja na nusu. Meneja wa jukwaa hupita vyumbani akitangaza: nusu saa, dakika 15, dakika 5, kila mtu mahali pake. Nao humjibu kwa kurudia, “Asante, 15,” ili ajue wamesikia. Waingereza wana ujanja wao: “nusu saa” yao hutangazwa dakika 35 kabla ya shoo, kwa kuwa wao huhesabu hadi wakati wa kusimama tayari, si wakati wa pazia kufunguka.

Saa hiyohiyo inamlinda mwigizaji pia. Chini ya mikataba ya Actors’ Equity Association, chama cha waigizaji na mameneja wa jukwaa Marekani, mkifanya mazoezi dakika 55 mnapumzika 5, mkifika 80 mnapumzika 10. Meneja ndiye anayeangalia saa na kumwambia mwelekezi, hata awe maarufu vipi, muda umefika. Kuna pia kikomo cha saa za kazi kwa siku, na muda wa chini wa kupumzika kati ya kumaliza usiku na kuanza kesho yake. Kila siku ya mazoezi na kila shoo huandikiwa ripoti: tulianza saa ngapi, nani alichelewa, nani aliteguka mguu, kitu gani kilivunjika. Waigizaji nao huchagua mwenzao mmoja awe mwakilishi wao kwa chama. Wale wanaobeba mandhari na kuvuta kamba wana chama chao kingine, IATSE, tangu 1893.

Usidhani walipewa haya kwa huruma. Equity ilianzishwa 1913, na wakati huo waigizaji wa New York walifanya mazoezi wiki baada ya wiki bila malipo. Wengi walijinunulia maleba. Ziara ikifilisika njiani, prodyuza anatoweka na waigizaji wanabaki mji wa watu bila nauli. Agosti 1919 waligoma. Mgomo ulichukua siku 30, ukaenea miji minane na kufunga michezo 37, hadi wenye thieta wakakubali kuketi mezani.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mazoezi bila malipo, maleba ya kujinunulia, kukwama njiani bila nauli. Huyo si mwigizaji wa 1919. Huyo ni mimi, Kombani, saa sita usiku.

Kama hujui jiografia yetu, ni hivi. Pesa za sanaa kusini mwa Pwani ziko Diani, kwenye hoteli za ufuoni: ngoma, sarakasi, maigizo mafupi ya kuchekesha wageni. Vijana wengi wenye vipaji wanatoka bara, Kinango na vijiji vyake, ambako mvua ikikosa mahindi yanakauka na kijana anatafuta chochote. Kutoka Kinango unashuka Kwale mjini, unateremka hadi Kombani kwenye barabara ya Likoni, kisha Ukunda. Kwenda si shida. Kurudi ndiko kuna stori. Siku moja hoteli fulani ilituambia tufike saa kumi na moja jioni, shoo ni saa mbili. Chakula cha jioni cha wageni kikachelewa, tukapanda jukwaani karibu saa nne. Malipo yalikuwa yaleyale ya saa mbili, na nauli haikuwa imetajwa popote. Ukunda tulipata matatu ya mwisho ya Likoni, ikatushusha Kombani, na hapo ikawa boda au kulala barazani. Tulikuwa tisa, wawili wao mabinti waliokuwa wamewaahidi wazazi kurudi mapema.

Tulimlaumu nani? Tulilaumiana sisi kwa sisi, kama kawaida.

Mhudumu aliyekuwa akipitisha vinywaji usiku uleule ana chama anachoweza kujiunga nacho, KUDHEIHA, ambacho hujadiliana na wenye hoteli kuhusu mishahara na saa za kazi. Mchezaji ngoma anayetoa jasho hatua tano kutoka kwa mhudumu huyo kwa kawaida hahesabiwi kama mfanyakazi wa hoteli. Kikundi huchukuliwa kama mtu anayeuza huduma, sawa na anayeleta samaki asubuhi. Hapo ndipo mtego ulipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa siku hulipwa siku hiyohiyo inapoisha, na kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Lakini inamzungumzia mfanyakazi, na wewe unaambiwa si mfanyakazi.

Hata hivyo hujaachwa uchi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwenye eneo la kazi ahakikishe usalama wa kila anayefanya kazi pale, awe wake au wa kuja. Hili si dogo. Nusu ya shoo za ufuoni zina mtu anayecheza na moto, na juu yake ni paa la makuti. Jumba la maonyesho la Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hapo ng’ambo ya mpaka, liliteketea 2002. Chicago mwaka 1903 thieta mpya ya Iroquois, iliyotangazwa kuwa haiwezi kushika moto, iliua zaidi ya watu 600 mchana mmoja: cheche ya taa ilidaka pazia, pazia la kuzuia moto likakwama, milango mingine ikawa imefungwa. Kwa hivyo mtu wenu anapouliza ndoo ya mchanga iko wapi na mlango wa nyuma una ufunguo wa nani, msimwone msumbufu.

Na kuhusu pesa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi Sh1 milioni, yakiwemo ya huduma iliyotolewa isilipwe, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Ukifika mbele ya hakimu utaulizwa ushahidi. Mlifika saa ngapi? Mlipanda saa ngapi? Mlikubaliana nini na nani? Ukijibu “kaka, sote tulikuwepo tuliona,” umepunguza nguvu kesi yako mwenyewe. Ukitoa daftari lenye sahihi za watu tisa na saa walizofika, pamoja na ujumbe wa WhatsApp wa mtu wa hoteli, hapo unazungumza.

Chama je? Kipengele cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, watu wawili wanatosha kutia sahihi ombi la kuanza kusajili wanachama. Nairobi kuna Kenya Actors Guild, na waigizaji wa Pwani wangefanya vyema kubisha hodi huko. Lakini mimi naona tukianza na chama kabla ya daftari tutapata mwenyekiti, katibu na muhuri, halafu tubaki palepale Kombani. Equity ina nguvu kwa sababu kila usiku, katika kila jumba, kuna mtu mmoja mwenye saa na penseli anayeandika kilichotokea.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Kikundi chetu kilinichagua mimi, mtu wa vitu, kushika daftari la kurasa 96. Ukurasa wa kushoto ni mahudhurio: jina, saa, sahihi. Wa kulia ni ripoti: tulipoambiwa tufike, tulipopanda, tulipomaliza, nani aliumia, tumelipwa kiasi gani na kwa njia gani. Na kama kila mtu anapata mgao, mshika daftari naye apate mgao kamili, si “ya soda”. Hilo la mwisho lilizua ubishi wa wiki mbili. Wachezaji walisema mimi sitoi jasho. Nikawakumbusha ile hati ya shamba.

Miezi mitatu baadaye nilimwonyesha mtu wa burudani wa hoteli moja kurasa zetu. Mara nne kati ya sita tulikuwa tumepanda jukwaani zaidi ya saa moja baada ya muda tuliokubaliana, na tarehe zilikuwepo. Hakubishana. Alipiga picha kurasa mbili kwa simu, akasema atazungumza na bosi wake.

Makubaliano mapya yalikuja kwa ujumbe wa WhatsApp, mistari mitano. Pesa ya kusubiri hakuikubali, tunaendelea kuidai. Lakini mstari wa nne ulisema gari la kuturudisha litafika Kinango, si Kombani.