Pungu: utamjuaje tai "asiye na mkia" akiwa angani?

Wengi wetu tukiona ndege mkubwa anazunguka juu tunasema "tai yule" au "mwewe", basi, yameisha. Lakini pungu unaweza kumtambua hata akiwa mbali kiasi cha kutoona rangi. Siri ni kuanza na umbo.

Kwanza, mkia. Wa pungu mzima ni mfupi mno, hata miguu huupita anaporuka. Jina lake la kisayansi, Terathopius ecaudatus, lina neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo: asiye na mkia.

Pili, mabawa. Ni marefu, karibu mita 1.7 hadi 1.8 toka ncha hadi ncha, mapana katikati na yamechongoka mwishoni. Huyainua kidogo kama herufi V, halafu anayumba kushoto, kulia, kama mtu anayetembea juu ya kamba. Kwa nini? Ndege wengine hutumia mkia kama usukani. Yeye hana, kwa hiyo hukata kona kwa kulalia upande.

Sasa rangi. Mtazame kwa chini: ukingo wa nyuma wa bawa ukiwa na mstari mweusi mpana, huyo ni dume. Ukiwa mwembamba, ni jike.

Usimchanganye na shakivale wa milimani, ambaye pia ana weusi na weupe. Huyo mkia wake mwekundu huonekana wazi.

Mtihani ni pungu mchanga. Ni kahawia mwili mzima, mkia wake ni mrefu kidogo, na huchukua miaka 7 hadi 8 kupata sura ya utu uzima. Hapo angalia kichwa kikubwa na umbo lilelile la mabawa.

Haya yote ya nini? Mwaka 2020 pungu aliwekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Hupenda mizoga, na kwa kuwa huruka chini akipekua eneo kubwa, mara nyingi hufika mapema kwenye nyama iliyotiwa sumu kwa ajili ya simba au fisi. Na jike hutaga yai moja tu, kwa hiyo pengo halizibiki haraka.

Basi ukimwona, andika tarehe, mahali, na kama ni mzima au mchanga. Usimpuuze yule wa kahawia: ndiye anayetuambia kwamba pungu bado wanazaliana.