Je, Wajua? Silabi Zinazomezwa

Je, wajua Kiswahili nacho kina mtego wa mkazo? BaraBAra ni njia ya magari. BaRAbara ni sawasawa kabisa. Lakini jozi za aina hii kwetu ni za kutafuta kwa tochi. Kaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mara nyingi mno umepatia.

Kiingereza hakina huruma hiyo. REcord ni rekodi, reCORD ni kurekodi. Photograph hukazwa silabi ya kwanza, photographer ya pili, photographic ya tatu: mkazo unahama kama mpangaji anayedaiwa kodi.

WHITE House ni ikulu ya Washington. White HOUSE ni nyumba yoyote iliyopigwa chokaa.

Je, wajua irabu inayosikika zaidi katika Kiingereza haina herufi yake? Wataalamu huiita schwa, jina lenye asili ya Kiebrania. Ni ile sauti hafifu inayoanza neno about, na silabi nyingi zisizo na mkazo huishia humo. Sisi hutamka banana kwa a tatu zilizoshiba. Wao huishibisha ya katikati tu.

Hapo ndipo tunapoponzwa. Can isiyokazwa hufifia ikabaki “kn”. Can’t hubeba irabu nzima, na Mmarekani mara nyingi huimeza ile t ya mwisho, kwa hiyo sikio lake hutegemea irabu kuliko t. Sasa wewe unamwambia “I can come”, kila silabi umeilipa haki yake kama ulivyofundishwa darasani, naye anaelewa kuwa huji. Unafika, mlango umefungwa.

“Dogs eat bones” ina silabi 3. “The dogs have eaten the bones” ina 7, ila mapigo yake ni yaleyale 3. Zilizobaki hubanwa katikati kama abiria wa daladala. Mwaka 1945 Mmarekani Kenneth Pike alizitenga lugha zinazokwenda kwa mikazo na zile zinazokwenda kwa silabi. Vipimo vya baadaye havikukuta muda ulio sawa kati ya mkazo na mkazo. Kumbe sikio ndilo linalousawazisha.

Je, wajua hata mtoto wa siku chache husikia tofauti ya mapigo kati ya lugha? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, vichanga wa Ufaransa walisikilizishwa sentensi zilizochujwa hadi maneno yasitambulike, huku unyonyaji wao wa chuchu bandia ukipimwa. Walitofautisha Kiingereza na Kijapani. Kiingereza na Kiholanzi, ambazo mapigo yake yanafanana, ziliwapita.

Shairi letu la kawaida huhesabu mizani, 8 kwa 8. Mstari wa Shakespeare una silabi 10 kwa kawaida, lakini roho yake ni mikazo 5.

Habari njema kidogo: maneno yanayoishia na -tion na mengi ya -ic hufuata kanuni yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho. EduCAtion, ecoNOmic. Arabic ni mkaidi, hukazwa mwanzoni.

Na balcony? Leo Waingereza hukaza mwanzo. Hadi mapema karne ya 19 walikaza katikati, balCOny. Kwa hiyo fundi wa Kariakoo anayesema balKOni anazungumza kama Mwingereza wa miaka 200 iliyopita.