Kipenu cha Duka: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Mama lishe anaomba turubai. Fundi cherehani anaomba mabati matatu. Mwenye genge anaomba nguzo nne. Maombi ya namna hii, kwa kuwa fedha yake ni ndogo, hupitishwa na kamati bila maswali mengi. Hata hivyo kipenu, yaani kivuli kinachotokeza mbele ya nyumba au duka, ndicho huamua kama mteja atakaa au atapita. Mchicha ukishinda juani, jioni hauna mnunuzi. Kwa hiyo tunapenda kuwaeleza wanakamati na wafadhili wetu mambo manne ya kuzingatia, tukichukua mfano wa Bunju.

Kwanza, upande wa jua

Bunju ipo kusini kidogo mwa Ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Jua hilo la juu huzuiwa hata na kipenu kifupi. Linalosumbua ni la asubuhi na la alasiri, kwa sababu huja limeinama. Katika duka linaloelekea magharibi, ifikapo saa kumi alasiri kipenu cha mita moja hufunika chini ya mita moja ya ukuta, na meza inabaki juani. Kando ya Barabara ya Bagamoyo, maduka ya upande mmoja hupigwa na jua la asubuhi, ya upande wa pili na la alasiri. Haya ya pili yanahitaji kipenu kirefu zaidi, au mkeka wa kuteremsha kwa kamba na kuukunja jioni.

Pili, aina ya kivuli

• Turubai jepesi la plastiki ni la bei nafuu, lakini jua hulikausha likachanika. Lifae kwa muda mfupi tu.
• Turubai zito, kama la lori, ni ghali zaidi ila hudumu, na hukunjwa usiku.
• Neti ya vitalu vya miche hupunguza jua na kupitisha upepo. Haizuii mvua.
• Mabati huzuia mvua, lakini yakiwekwa chini sana hutoa joto. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Kwa kuwa bahari iko karibu, chumvi huharakisha kutu. Nguzo za chuma zipakwe rangi.
• Makuti yana ubaridi mzuri, ila hushika moto haraka. Yasiwekwe juu ya jiko la mkaa.

Tatu, maji na upepo

Turubai lililotandazwa bila mwinamo hukusanya maji. Turubai la mita 3 kwa 2 likibeba maji ya kina cha sentimita 5, uzito wake ni kilo 300, na chini yake wamekaa watu. Mwinamo uelekee mbali na mlango, wala maji yasimwagikie kwa jirani. Nguzo zichimbiwe na kushindiliwa vizuri. Kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024 kilitukumbusha kwamba upepo mkali upo hata kwetu. Kipenu kinachoweza kufunguliwa na kukunjwa kabla ya dhoruba kina faida hapo.

Nne, ardhi yenyewe

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam waliondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa maeneo yaliyotengwa. Kipenu kizuri kilichojengwa ndani ya hifadhi kinaweza kubomolewa, na mkopo ukabaki kulipwa. Kabla ya kuchimba shimo, mwombaji aulize serikali ya mtaa na manispaa. Kwa Barabara ya Bagamoyo, TANROADS, na kwa barabara za mitaani, TARURA. Penye shaka, kivuli cha kuhamishika ni salama zaidi.

Ushauri wetu kwa kamati

Mjumbe mmoja atembelee eneo la mwombaji saa kumi alasiri kabla fedha haijatolewa. Atazame kivuli kinaangukia wapi, maji yatakwenda wapi, na barabara iko umbali gani. Mara nyingi ataona kwamba turubai zito lenye mwinamo mzuri, ingawa bei yake ni ya juu, ni nafuu kuliko lile la bei rahisi litakalonunuliwa upya baada ya masika.