Bahasha ya mwenzio, pilipili isiyo yako!

Natumaini baridi ya Ufipa haijakugandisha. Wiki hii nina neno na wale ambao vidole vinawawasha kila wakiona bahasha imegundishwa.

Si unaujua mji wetu wa Sumbawanga? Wengi hatuletewi barua mlangoni. Barua inaishia kwenye sanduku la posta, na mfanyakazi asiye na sanduku lake anatumia S.L.P. ya ofisi. Aliyeko Laela au Namanyere ndo usiseme, maana bahasha yaweza kukabidhiwa hata konda wa basi. Hebu hesabu: tarishi, dada wa mapokezi, karani wa masjala, konda. Mikono yote hiyo ina macho, na macho yana rafiki yake anaitwa mdomo!

Nina shoga yangu, ofisi yake siitaji. Barua yake ya benki, ya mambo ya mkopo, ilifika saa nne asubuhi, ikafunguliwa mapokezi. Saa saba mchana mama ntilie anayemkopesha ubwabwa akamwambia, "Mdogo wangu, leo lipa kwanza, nasikia benki wanakutafuta." Masikini, kakopa amlipie mdogo wake ada! Alipouliza nani kafungua, akajibiwa eti anwani ni ya ofisi, kwa hiyo barua ni ya ofisi.

Weee! Sanduku ni la ofisi, barua ni ya mwenye jina.

Na hapo ni deni tu. Je, ingekuwa barua ya hospitali? Mtu anaweza kukimbiwa na mchumba, kunyimwa cheo, hata kuacha dawa kwa aibu. Ndiyo maana sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya vipimo. Katiba nayo, Ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu. Juu yake ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023. Hiyo ina faini na kifungo, kwa hiyo umbea wa mapokezi unaweza kukufikisha pabaya.

Sasa tufanyeje? Bahasha iliyoandikwa cheo tupu, kama Meneja au Mhasibu, ifunguliwe na anayehusika. Yenye jina la mtu, au neno SIRI, usiiguse gundi yake. Andika kwenye daftari imefika lini, mpe mwenyewe mkononi, atie sahihi. Mwenyewe hayupo? Fungia kabatini, siyo kuiacha mezani kama gazeti. Ikifunguka kwa bahati mbaya, usisome. Ifunge, andika nje kilichotokea, weka sahihi, umpelekee hima.

Nanyi mabosi, barua ya onyo au ya mshahara mnampa mhudumu ikiwa wazi, halafu mnashangaa imefika kijiweni! Serikalini kuna masjala ya wazi na masjala ya siri, hawakuwa wajinga waliozitenganisha. Nawe mfanyakazi, ukiweza lipia sanduku lako mwenyewe, ule usingizi.

Wazee wanasema Sumbawanga kwa Kifipa maana yake tupa uchawi. Basi jamani, na huu wa kuchungulia bahasha za watu tuutupe huko huko bonde la Ziwa Rukwa. Au unasemaje?