Maziwa ya Mbung'o

Ni nani kati yetu aliyesafiri kwa mtumbwi, au aliyeshuka mtoni kufua nguo jua likiwa kali, asiyemjua mbung'o? Yeye hapigi makelele kama inzi wa jikoni. Huja kimya, hutua kisogoni au mguuni, na kabla hujainua mkono umekwisha kusikia mchomo kama wa sindano. Mtazame anapopumzika: mabawa yake hulaliana mgongoni, moja juu ya jingine, kama makali ya mkasi uliofungwa. Kwa alama hiyo hutambulikana mara moja. Wengine humwita ndorobo, na katika vitabu jina lake ni tsetse.

Tunamchukia, na tuna haki. Ndiye anayeleta ugonjwa wa usingizi, ambao pengine huitwa malale. Kimelea kidogo huingia katika damu. Mgonjwa hushikwa na homa, kichwa humwuma, tezi za shingo huvimba. Baada ya miezi au miaka kimelea hufika ubongoni, na hapo mtu hulala mchana, hukesha usiku, hupotewa na akili, na asipotibiwa hufa. Nchi yetu ya Kongo imebeba mzigo huu kuliko nchi nyingine yoyote. Mwaka 1903 waganga wa chuo cha Liverpool walikuja Kongo kuuchunguza. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, ndiye aliyekuwa amekitambua kimelea hicho katika damu ya mtu huko Gambia. Naye alifia Kasongo, katika Maniema, mwaka 1905, akiuawa si na malale bali na homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza. Alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Wala si habari za mababu peke yao. Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40,000 waliandikwa katika Afrika nzima, na zaidi ya 26,000 kati yao walikuwa katika Kongo. Wakati ule ugonjwa uliokwisha kufika ubongoni ulitibiwa kwa sindano yenye arseniki, iliyochoma mishipa kama moto, na ambayo yenyewe iliua karibu mgonjwa 1 kati ya 20. Mwishoni mwa 2018 Kongo iliidhinisha vidonge vya fexinidazole, ambavyo humezwa kwa siku 10. Na mwaka huohuo wagonjwa wapya wa Afrika yote hawakufika 1,000. Hayo ni mavuno ya kazi kubwa ya waganga na wauguzi waliozunguka vijijini kupima damu. Lakini ugonjwa haujafa, wala mbung'o hajafa. Kwa hiyo wataalamu hawakuacha kumpasua tumbo, na humo tumboni wamekuta kwamba mbung'o hayuko peke yake.

Fikirini kwanza chakula chake. Mbu dume hanyonyi damu. Hushiba maji matamu ya maua. Mbung'o sivyo. Dume na jike, tangu siku ya kwanza ya kuruka hata siku ya kufa, chakula chao ni damu. Sasa damu ina protini na chuma tele, lakini vitamini za kundi la B ni haba sana ndani yake. Kila mama anamjua mtoto anayelishwa bukari tupu, bila sombe, bila samaki, bila maharagwe: tumbo linajaa, lakini mwili haustawi. Mbung'o naye angepaswa kudhoofika hivyo. Mbona basi anastawi na kuzaa?

Jibu lilianza kuonekana zamani, ingawa waliolitazama hawakulielewa upesi. Mwaka 1907 Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyeongoza kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, aliandika juu ya vijidudu alivyoviona kwa hadubini katika ukuta wa utumbo wa mbung'o. Mfaransa Roubaud, mwaka 1919, alivieleza kwa urefu, akidhani ni hamira inayosaidia kuyeyusha damu. Mwingereza Vincent Wigglesworth alivitazama tena mwaka 1929. Kumbe si hamira, ni bakteria. Mwaka 1995 walipewa jina la heshima la mzee huyo, Wigglesworthia. Tazameni jinsi elimu inavyotembea: miaka 88 kutoka kuonwa mpaka kupewa jina.

Bakteria hao hawazagai ovyo tumboni. Wana makao yao, kiungo kidogo chenye umbo la herufi U, kilichoshikamana na sehemu ya mbele ya utumbo. Humo wanaishi ndani ya chembe za mwili wa mbung'o, na kazi yao ni kutengeneza vitamini ambazo damu haina za kutosha. Mbung'o huwapa nyumba na chakula. Wao humlipa kwa vitamini. Mwaka 2002 wataalamu walisoma maandiko yote ya urithi wa bakteria huyo, wakakuta ni mafupi mno, herufi kama 700,000 tu, hali bakteria wa kawaida wa utumbo wa mtu ana zaidi ya 4,000,000. Amekaa katika nyumba ya mbung'o miaka mamilioni na mamilioni, akapoteza karibu kila kitu ambacho bakteria anayejitegemea huhitaji. Lakini ufundi wa kutengeneza vitamini hakuupoteza. Hawezi tena kuishi nje ya mbung'o, kama vile mbung'o asivyoweza kuzaa bila yeye.

Lakini mbung'o mchanga huwapata wapi bakteria hao? Hapa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote katika habari hii. Inzi wengine hutaga mayai kwa mamia na kuyaacha penye uchafu. Mbung'o hatagi hivyo. Yai moja tu huanguliwa ndani ya mfuko wake wa uzazi, na buu mmoja hukaa humo akinyonya maziwa. Ndiyo, maziwa! Ni ute mweupe wenye mafuta na protini, unaotoka katika tezi maalum na kumfikia buu tumboni mwa mama yake. Buu hunenepa hata siku ya kuzaliwa uzito wake huwa sawa na wa mama, pengine kuupita. Huzaliwa kivulini, penye mchanga au udongo laini, hujichimbia mara moja, na ngozi yake hugeuka kuwa ganda gumu jeusi. Baada ya siku kama 30 hutoka akiwa na mabawa. Mama naye huzaa mwingine kila baada ya siku 9 au 10, mmoja mmoja. Ni uzazi mchache sana kwa mdudu.

Sasa, katika maziwa hayo mna Wigglesworthia. Mama humnywesha mtoto bakteria pamoja na chakula, kabla hajaona jua. Ndivyo jamii ile ya vijidudu inavyopita kutoka mama kwenda mtoto, kizazi kwa kizazi, bila kuokotwa njiani.

Je, wataalamu walijuaje kwamba bakteria hao ni wa lazima? Waliwaondoa. Mwaka 1976 Mjerumani Nogge alionyesha kwamba jike aliyepotewa na bakteria wake huwa tasa. Baadaye wengine waliwalisha mbung'o damu iliyotiwa antibiotiki, na jambo likawa hilohilo. Lakini damu ilipoongezewa dondoo la hamira, lenye vitamini nyingi, jike tasa alizaa tena. Basi kweli alikuwa amekosa vitamini. Kisha wakafanya hila nyingine: wakachagua antibiotiki inayowaua bakteria wa kwenye maziwa, bila kuwagusa wale wa utumboni. Mama akabaki mzima na kuzaa, lakini watoto wake wakatoka bila Wigglesworthia. Binti hao walikuwa tasa.

Tena hawakuwa tasa tu. Walikuwa wanyonge. Chembe za kinga katika damu yao zilikuwa chache, na jeraha halikufungwa vizuri. Walipochomwa sindano yenye bakteria ambao mbung'o wa kawaida huwashinda bila taabu, walikufa. Hata utando mwembamba unaozunguka damu ndani ya utumbo, ambao ni kama ukuta wa kuwazuia adui, haukujengeka sawasawa. Na kinga hiyo haijengwi ukubwani. Ni lazima buu aonje athari ya bakteria angali tumboni mwa mama yake. Asipoionja wakati huo, amechelewa.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Watu wengi hudhani kila mbung'o ana malale mdomoni. Sivyo, hata mahali penye ugonjwa, wengi wao hawana vimelea. Mbung'o mzima aliyekomaa hunywa damu yenye vimelea, na mara nyingi vimelea hufia utumboni mwake. Hatari zaidi ni yule anayekunywa damu yenye vimelea katika mlo wake wa kwanza, angali mchanga. Lakini wale waliokua bila Wigglesworthia walishikwa na vimelea kwa urahisi hata walipokwisha kukomaa. Kwa hiyo bakteria anayemnenepesha adui wetu ndiye pia anayewazuia vimelea wengi wasipite kwake kutufikia sisi. Msomaji anaweza kucheka au kusikitika. Mimi nilifanya yote mawili.

Msidhani kila mdudu hurithi wenzake kwa mama. Nyuki mtenda kazi hutoka katika kitundu chake cha nta karibu bila bakteria tumboni. Huwapata kwa dada zake na kwa masega ya mzinga, na kwa siku chache tu jamii yake huwa imetimia. Mwaka 2017 wataalamu wa Texas waliwapa nyuki antibiotiki, kisha wakawarudisha mzingani. Siku chache baadaye waliobaki walikuwa wachache kuliko wenzao wasiopewa. Mchwa wetu wajenzi wa vichuguu nao hulima kuvu katika bustani za chini ya ardhi, na uyoga mtamu tunaochuma kwenye vichuguu mvua zikianza ni tunda la bustani hizo. Katika aina nyingi za mchwa, watenda kazi wa kwanza hulazimika kuitafuta mbegu ya kuvu nje. Lakini ziko aina ambazo malkia huibeba tumboni anaporuka siku ya kumbikumbi, kama bibi arusi anayebeba mbegu za kwao.

Turudi kwa mbung'o, maana Wigglesworthia si mpangaji wa pekee. Yuko mwingine aitwaye Sodalis, anayepita katika maziwa pia, na ambaye dume aweza kumpa jike wakati wa kujamiiana. Wa tatu ni Wolbachia, anayekaa ndani ya yai lenyewe. Sodalis ana sifa moja kubwa: anakubali kukuzwa katika chupa, nje ya mbung'o. Kwa sababu hiyo wataalamu wa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Antwerp, katika Ubelgiji, walimbadili urithi wake ili atoe protini inayokamata vimelea vya malale, wakamrudisha ndani ya mbung'o. Yaani wanajaribu kumfanya mpangaji awe mlinzi. Mwaka 2019 wengine walitangaza kwamba bakteria mmoja aliyetolewa katika mbu wa Zambia, akiwekwa tumboni mwa mbung'o, huutia utumbo ukali kama wa limau, na vimelea hawapati mahali pa kukaa.

Kazi hizo za mbung'o bado ni za maabara; asikudanganye mtu kwamba kesho wataachiliwa kando ya mto wetu. Bakteria aliyebadilishwa si kitu cha kutupwa porini kwa haraka, na watu wa kijiji wana haki ya kuulizwa kwanza. Hata hivyo njia yenyewe si ndoto. Huko Yogyakarta, katika Indonesia, mbu waliotiwa Wolbachia waliachiliwa mitaani, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba homa ya dengue ilipungua kwa 77 kwa 100. Nchini Kenya, mwaka 2020, wataalamu walieleza habari za kijidudu cha jamii ya kuvu kinachokaa katika mbu wa malaria kando ya Ziwa Victoria. Mbu mwenye kijidudu hicho hakishiki kimelea cha malaria, naye hukirithisha kwa watoto wake. Hakuna mtu aliyekitia humo. Kilikuwako tayari, kikingoja kuonwa.

Wakati huu wote silaha ya kando ya mto ni kitambaa. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Kwa hiyo huko Kongo vijitambaa vidogo vya buluu, vyenye wavu uliotiwa dawa, husimamishwa penye miti ya ukingoni. Mbung'o hugonga wavu, hupata sumu, hufa. Tafadhalini, watoto wa shule, mkiviona msivichukue kuwa vitambaa vya kuchezea. Jike anayekufa hapo huenda alikuwa na buu mmoja tumboni, na kwa kuwa huzaa mmoja mmoja, hasara hiyo ni kubwa kwake. Lakini aliyeponyoka atatua kivulini, hatua chache kutoka mahali tunapofulia nguo, atamzaa mtoto wake juu ya udongo laini, na mtoto atajichimbia humo akiwa amekwisha kunywa maziwa, na bakteria wake wote pamoja naye.