Senti 10 za kuamsha injini Winnipeg

Januari mjini Winnipeg, Kanada, joto hushuka hadi nyuzi -30 usiku, na magari mengi huegeshwa yakiwa na waya wenye plagi unaoning'inia mbele. Waya huo hupeleka umeme kwenye hita iliyo ndani ya bloku ya injini, nayo hupasha maji ya rejeta.

Chukua hita ya wati 500. Ukiichomeka saa 12 jioni ukaichomoa saa 12 asubuhi, imekula uniti 6. Umeme wa majumbani huko ni takriban senti 10 kwa uniti, kwa hiyo usiku mmoja ni senti 60, na siku 100 za baridi ni dola 60. Hasara tupu! Injini hupata joto la kutosha kwa saa mbili tu kabla ya safari: uniti 1, senti 10, dola 10 kwa msimu mzima. Dola 50 zinazookolewa zinanunua swichi ya saa inayojiwasha alfajiri ukiwa bado umelala, na chenji inabaki.

Wanaokwepa hita huliacha gari likiunguruma uani. Injini ya lita 3 huchoma takriban mililita 300 za petroli kwa dakika 10. Asubuhi 100 ni lita 30, na gari halijasogea hata hatua moja.

Oili ndiyo inayowaponza wageni kutoka nchi za joto. Ile 20W-50 iliyozoeleka katika gereji zetu hupimwa uwezo wa kuzungushwa na stata kwenye nyuzi -15. 5W hupimwa kwenye -30, na 0W kwenye -35. Nzito ikiganda kama uji, stata inahangaika, na betri nayo imedhoofu: kwenye -18 hubakiwa na karibu asilimia 40 tu ya nguvu zake.

Kuhusu dawa ya rejeta, wengi hudhani ikiwa kali zaidi ndiyo bora. Sivyo. Dawa hiyo, yaani glaikoli, ikiwa tupu huganda karibu na -13, lakini ikichanganywa nusu kwa nusu na maji hustahimili hadi takriban -37.

Ukihamia huko, usingoje theluji. Kabla ya Novemba mwambie fundi apime betri na mchanganyiko wa rejeta, aweke oili ya 0W au 5W kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na aikague plagi ya hita.